Mkongo hauna hatia: kwa nini seva pepe huwa nzito ilhali intaneti ni nzima

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu siku moja kwenye pwani ya Afrika Kusini. Kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Kampala na Kigali, watu wakabaki wanatazama kiduara kinachozunguka kwenye simu. Kabla ya siku ile neno mkongo lilikuwa la mafundi. Baada yake likawa la kila mtu, na hilo ni jambo jema, maana watu wamejua intaneti inapitia wapi. Ubaya ni kwamba sasa mkongo unasingiziwa kila kitu. Mfumo wa malipo ukiwa mzito, mteja anaambiwa "mtandao unasumbua", bosi anaambiwa "ni mkongo", na fundi anaagizwa aandike barua ya kuomba kifurushi kikubwa zaidi.

Siku moja nilipigiwa simu na mhasibu wa ofisi moja. "Kaka, mfumo umekuwa mzito tena. Faili la megabaiti 50 linachukua dakika tatu nzima kufunguka. Mkongo umekatika?"

Nikamuuliza, "Dada, seva yenyewe iko wapi?"

"Si iko hapa hapa, chumba cha pili. Tangu wahamishie mfumo kwenye hizi seva pepe ndipo shida ilipoanza."

Faili linalotoka chumba cha pili kwenda chumba cha kwanza halivuki Bahari ya Hindi. Hata mikongo yote ingekatika siku ile, faili lile lilitakiwa kufika. Swali lilikuwa ni wapi, ndani ya zile hatua chache kati ya ukuta na ukuta, lilikuwa linakwama. Nitarudi kwenye ofisi hiyo. Kwanza tuelewane kuhusu maneno.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Kompyuta tuliyoizoea ni sanduku moja lenye mfumo endeshi mmoja, Windows au Linux. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na sanduku lake. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao, lakini vyote vimetengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine iliyo halisi. Ile halisi huitwa mwenyeji. Zile za ndani huitwa wageni. Anayewagawia wageni zamu ya kutumia vifaa ni programu iitwayo haipavaiza, na zinazotumika sana ni VMware ESXi, Hyper-V ya Microsoft, KVM iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2007, na VirtualBox ambayo wanafunzi wengi huanzia nayo. Wazo lenyewe lina umri wa kutosha: IBM ilitangaza VM/370 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa mwaka 1972.

Fikiria nyumba ya kupanga ya Kiswahili. Katikati kuna ukumbi, vyumba huku na huku, uani kuna bomba moja, na nje kuna LUKU moja ambayo wapangaji wote wanaichangia. Kila mpangaji ana ufunguo wake na anapanga chumba apendavyo. Akifunga mlango anaweza kujiona yuko peke yake. Lakini maji yanaingia kwa bomba lile lile, na umeme unapita kwenye mita ile ile.

Hivyo ndivyo mashine pepe zinavyoishi. Ukikodi seva kwa Amazon, Microsoft au Google, mara nyingi unachopewa ni chumba kimoja katika nyumba ya namna hii. Na seva ya ofisini "iliyogawanywa" iwe tano ni nyumba hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mwenye nyumba ni ofisi yenyewe.

Sasa tufuate pakiti. Pakiti ni kifungu kidogo cha data, kwa kawaida baiti 1,500 au pungufu. Faili kubwa hukatwakatwa kuwa pakiti nyingi ndipo lisafirishwe. Katika kompyuta ya kawaida pakiti inatoka kwenye programu, inaingia kwenye kadi ya mtandao, inapita kwenye kebo. Katika mashine pepe inatoka kwenye programu, inaingia kwenye kadi pepe, inapokelewa na haipavaiza, inapitishwa kwenye swichi pepe (njia panda inayoelekeza kila pakiti kwa mwenyewe) iliyo ndani ya mwenyeji, inakabidhiwa kadi halisi, kisha ndiyo inafika kwenye kebo. Hatua zimeongezeka, na kila hatua inafanywa na prosesa, ile ile inayoendesha mfumo wako wa uhasibu.

Zingekuwa pakiti kumi kwa sekunde hakuna ambaye angejali. Lakini njia ya gigabiti moja ikijaa pakiti za kawaida, zinapita takriban 81,000 kila sekunde. Zikiwa pakiti ndogo kabisa za baiti 64, zinafika milioni moja na laki nne na ushei. Kasoro ya mikrosekunde chache, ikirudiwa mara hizo, inageuka mzigo unaoonekana kwa macho.

Kadi ya kuigiza na kadi ya kuelewana

Hapa ndipo ninapokuta makosa mengi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kadi pepe ziko za aina mbili. Ya kwanza ni kadi ya kuigiza. Haipavaiza inajifanya kuwa kadi fulani halisi ya zamani, kwa mfano ile ya Intel inayojulikana kama e1000, au ya Realtek iitwayo rtl8139 ambayo enzi zake ilikuwa ya megabiti 100 tu. Faida yake ni kwamba karibu kila mfumo endeshi unazo tayari draiva zake, yaani zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Unaisimika Windows, mtandao unapatikana hapo hapo.

Gharama yake iko kwenye uigizaji. Mgeni anaamini anazungumza na kipande cha chuma, kwa hiyo anabonyeza vitufe vya chuma kile. Kila akibonyeza, haipavaiza inalazimika kumsimamisha mgeni, kusoma alichobonyeza, kuigiza jibu ambalo kadi halisi ingelitoa, kisha kumruhusu aendelee. Ni kama kumlisha mtu pilau tonge kwa tonge kupitia dirishani, na kwa kila tonge unagonga, anasimama, anafungua, anapokea, anafunga.

Aina ya pili ni kadi ya kuelewana. Mgeni anajua kwamba yuko ndani ya mashine pepe na wala hafichwi. Yeye na haipavaiza wanaweka sinia moja katikati, eneo la kumbukumbu ambalo wote wawili wanalifikia. Mmoja anapakua pakiti nyingi kwa pamoja, mwingine anachukua, na mlango unagongwa mara moja tu pale inapobidi. Kwenye KVM kadi hii huitwa virtio. Ilibuniwa na Rusty Russell, mwandishi wa programu kutoka Australia, na ikaingia rasmi kwenye Linux mwanzoni mwa 2008. Kwenye VMware inaitwa vmxnet3. Hyper-V nayo inayo ya kwake na ndiyo inayotolewa kwa kawaida, ila mashine za kizazi cha kwanza bado zinaweza kuwekewa ile ya kuigiza.

Kama virtio ni bora hivyo, mbona seva nyingi bado ziko kwenye e1000? Kwa sababu Windows haiji na draiva za virtio. Fundi anasimika Windows kwenye KVM, anaona hakuna mtandao, anabadilisha kadi iwe e1000 ili kazi iende, anasema draiva nitaweka kesho. Kesho anaitwa kwenye kazi nyingine. Miaka mitano baadaye seva hiyo ndiyo inayobeba mishahara ya watu mia mbili, na hakuna anayekumbuka kadi ilichaguliwa vipi. Kuirekebisha ni kazi ya nusu saa. Weka draiva za virtio ndani ya Windows, zima mgeni, badili aina ya kadi, washa, kisha uweke upya namba ya IP kama ilikuwa imeandikwa kwa mkono, maana Windows itaiona kadi hiyo kuwa mpya kabisa.

Kuna imani potofu inayozaliwa hapa hapa. Mtu anafungua dirisha la mtandao ndani ya mashine pepe, anaona imeandikwa gigabiti 10 kwa sekunde, anasema, "Unaona, njia yetu ni gigabiti 10, kwa hiyo tatizo liko kwa mtoa huduma." Maandishi hayo ni kibandiko tu. Kadi ya vmxnet3 huonyesha gigabiti 10 hata kama kadi halisi chini yake ni ya gigabiti moja, au imeshuka hadi megabiti 100 kwa sababu ya kebo iliyoliwa na panya. Vivyo hivyo e1000 huandika gigabiti moja, na bado wageni wawili walio ndani ya mwenyeji mmoja wanaweza kupitisha zaidi ya hapo, kwa sababu pakiti zao hazitoki nje kabisa, zinazungukia kwenye swichi pepe. Usiamini namba iliyoandikwa ndani ya chumba kuhusu bomba lililo uani. Nenda uani ukaangalie.

Masanduku ya posta yaliyochanganywa

Kuna kisa kimoja kilichowasumbua mafundi wa Hyper-V duniani kote, na kinafaa kuelezwa kwa sababu kinaonyesha jinsi kitu kilichowekwa ili kuongeza kasi kinavyoweza kuiua.

Tuliokua na S.L.P. tunajua barua zinavyofika. Haziji nyumbani. Zinafika posta, karani anazichambua kwa namba, kila moja inaingia kwenye sanduku lake, na mwenye sanduku anakuja na ufunguo. Sasa fikiria posta isiyo na masanduku: barua zote ziko kwenye gunia moja, na karani mmoja anasoma bahasha moja moja huku watu wamejipanga foleni. Hivyo ndivyo mwenyeji anavyopokea pakiti bila msaada. Zote zinaangukia kwenye kiini kimoja cha prosesa (core, moja ya sehemu zake zinazofanya kazi), nacho kinatafuta hii ni ya mgeni gani.

Ili kumwondolea karani mzigo, kadi halisi za kisasa zinajua kuchambua zenyewe. Zinasoma anwani ya kadi pepe inayolengwa, zinaweka pakiti kwenye foleni ya mgeni husika, na kila foleni inaweza kuhudumiwa na kiini tofauti cha prosesa. Microsoft inauita utaratibu huu VMQ. Kwa kadi za gigabiti 10 ni msaada mkubwa, kwa sababu kiini kimoja hakiwezi kuchambua mafuriko yale peke yake.

Kwenye Windows Server 2012, VMQ ilikuwa imewashwa bila mtu kuombwa, hata kwenye kadi za gigabiti moja ambazo wala hazikuihitaji sana. Baadhi ya kadi za Broadcom NetXtreme za gigabiti moja zilikuwa na draiva yenye kasoro katika kazi hiyo. Matokeo yakawa wageni wanaokuwa wazito bila sababu ya wazi, au wanaopotea mtandaoni kwa muda, ilhali mwenyeji mwenyewe yuko sawasawa. Fundi anapima kutoka kwa mwenyeji, kasi iko juu. Anapima kutoka kwa mgeni, kasi inakokota. Microsoft ilitoa maelezo rasmi, na dawa ya muda ilikuwa kuzima VMQ kwenye kadi hizo mpaka draiva mpya ilipotoka.

Kuangalia hali ilivyo kwenye seva yako ya Hyper-V, fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kwa mwenyeji na uandike `Get-NetAdapterVmq`. Kuzima ni `Disable-NetAdapterVmq` ikifuatiwa na jina la kadi, na mtandao utatikisika sekunde chache, kwa hiyo fanya baada ya saa za kazi.

Hapa naomba tuwe waangalifu. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya mafundi kuna ushauri unaozunguka kila mtu akilalamika: zima VMQ, zima kila msaada wa kadi, utaona mabadiliko. Kwenye kadi ya gigabiti moja yenye draiva mbovu, kweli utayaona. Kwenye kadi nzima ya gigabiti 10 utakuwa umewafukuza makarani wote na kubakisha mmoja. Misaada mingine ya kadi, kama ile ya kukata data kubwa kuwa pakiti au kukagua usahihi wake, ipo ili kuipumzisha prosesa. Zima kimoja, pima, rudisha kama hakuna tofauti, kisha jaribu kingine. Ukizima vinne kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Pakiti imefika, mwenye nyumba amelala

Mara nyingine njia yote ni nzima lakini mpokeaji hayupo. Mashine pepe haina prosesa yake, inapewa zamu. Mwenyeji mwenye viini 16 akiwa amewapa wageni viini pepe 80, kuna muda wengine wanasubiri. Pakiti inafika, inagonga, mgeni hajapewa zamu, inasubiri. Kwa mtumiaji inaonekana kabisa kama mtandao mzito.

Ndani ya mgeni wa Linux, andika `top` na uangalie namba iliyo mbele ya herufi `st` kwenye mstari wa prosesa. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mgeni alitaka kufanya kazi akaambiwa ngoja. Ikikaa kwenye sifuri, tatizo halipo hapo. Ikipanda na kubaki kwenye kumi au ishirini, umempata mhalifu, na hakuna kifurushi cha intaneti kitakachomrekebisha. Kwa VMware namba ya kutazama inaitwa %RDY, nayo iko upande wa mwenyeji.

Watu wengi wakiona hivi humwongezea mgeni viini pepe, vinne viwe vinane. Kama nyumba tayari imejaa, umeongeza idadi ya wanaosubiri kwenye bomba lile lile. Nimeona seva ikipata nafuu kwa *kupunguziwa* viini, jambo ambalo wenye ofisi hawakuamini mpaka walipoona wenyewe.

Kwenye seva za kukodi kuna sura nyingine ya jambo hili. Mashine za bei nafuu za Amazon za jamii ya t2 zinafanya kazi kwa salio, kama vocha ya simu. Ukitumia kidogo, salio linajijaza. Ukitumia sana, linakwisha, na t2.micro ikiishiwa inarudishwa kwenye asilimia 10 ya kiini kimoja. Ndiyo maana tovuti iko nyepesi asubuhi, jioni inakokota, na hakuna aliyegusa kitu.

Vidogo vinapita, vikubwa vinaganda

Dalili hii ni ya kipekee, na ukiikariri itakuokolea siku nzima. Ping, yaani ule ujumbe mfupi wa kuuliza kama seva ipo, inajibu vizuri. Unaweza kuingia kwenye seva, ukurasa wa kuingilia unafunguka. Lakini ukivuta faili, au ripoti ndefu, kila kitu kinaganda.

Kila njia ina kimo chake cha pakiti, kiitwacho MTU. Kwa mitandao mingi ni baiti 1,500. Lakini mitandao pepe mara nyingi hufunga pakiti ndani ya bahasha nyingine ili kuwatenganisha wapangaji, na bahasha ina uzito. Ile iitwayo VXLAN huongeza baiti 50, kwa hiyo kwenye njia ya 1,500 mgeni anabakiwa na 1,450. Mtandao wa Google Cloud kwa kawaida huanza na 1,460. Mgeni asiyejua haya anaendelea kupakia 1,500.

Ni kama lori linalofika mizani ya Vigwaza likiwa limezidisha uzito. Linazuiwa, na kwa utaratibu taarifa inatakiwa kumrudia aliyepakia: punguza mzigo. Kwenye mtandao taarifa hiyo hupelekwa kwa ujumbe wa aina ya ICMP. Sasa kuna watu wa usalama wanaofunga ICMP yote kwa hofu ya wadukuzi. Lori limezuiwa, mjumbe amezuiwa, na aliyepakia anaendelea kutuma malori yale yale bila kujua kwa nini hayafiki. Nawasihi wanaosimamia kuta za moto (firewall, zinazochuja kinachoingia na kutoka): msifunge ICMP yote.

Kupima ni rahisi. Kwenye Windows andika `ping -f -l 1472` ikifuatiwa na anwani ya seva. Hizo 1,472 ukijumlisha na baiti 28 za vichwa vya pakiti zinafika 1,500, na `-f` inakataza pakiti isikatwe njiani. Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1472`. Ikikataa, shuka hadi 1,422, kisha 1,400, mpaka ipite. Namba kubwa kuliko zote inayofaulu kupita, ukiiongeza 28, ndiyo kimo halisi cha njia yako.

Umbali nao

Kuna wakati seva iko mbali kweli, na hapo mkongo unahusika, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 za mkongo huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi. Hakuna malipo yanayopunguza hizo.

Kwa nini zinahusika na kasi? Kwa sababu mtumaji hatumi faili lote kwa pumzi moja. Ni kama mwenye duka Kariakoo anayetuma mikokoteni kadhaa kisha anasubiri risiti ndipo atume mingine. Kama ruhusa yake ni kilobaiti 64 kwa mkupuo na risiti inachukua milisekunde 150 kurudi kutoka Ulaya, hawezi kuzidi megabiti 3.5 kwa sekunde. Umnunulie njia ya megabiti 10 au gigabiti 10, atabaki kwenye 3.5, kwa sababu barabara haijawahi kujaa. Mifumo ya sasa inajua kuongeza idadi ya mikokoteni, ila programu za zamani na baadhi ya vifaa vilivyo katikati ya njia huiharibu ruhusa hiyo. Dawa ya kudumu ni kuisogeza seva karibu. Amazon ina kituo Cape Town tangu 2020, Google ilifungua cha Johannesburg mwaka 2024, na watoa huduma wa nchini wapo pia. Mfumo unaotumiwa na watu wa Mwanza pekee hauna sababu ya kuishi Virginia, Marekani.

Kuhusu DNS, mfumo unaogeuza majina ya seva kuwa anwani za namba, neno moja tu: kama programu inaganda kama sekunde tano kisha inafunguka kwa kasi ya kawaida, shuku seva ya majina kabla ya kushuku njia. Sekunde tano ndizo Linux inazosubiri kabla ya kukata tamaa na kujaribu tena.

Kupima kipande kwa kipande

Kosa la kwanza katika kupima ni kutumia tovuti za kupima kasi. Zinapima njia ya kwenda nje, na wewe hujajua kama tatizo liko nje. Kosa la pili ni kunakili faili, kwa sababu hapo unapima mtandao pamoja na diski mbili, na diski ya mwenyeji mwenye wageni kumi ndiyo huchoka kwanza. Kosa la tatu ni kuchanganya biti na baiti. Baiti moja ni biti nane. Ukinakili na kuona megabaiti 112 kwa sekunde kwenye njia ya gigabiti moja, usiseme unaibiwa, umeijaza.

Programu ninayoitumia ni iperf3. Ni ya bure, na inarusha data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu bila kugusa diski. Upande mmoja unaandika `iperf3 -s`, mwingine `iperf3 -c` na anwani ya wa kwanza. Anza na wageni wawili walio ndani ya mwenyeji mmoja. Wakiwa wazito hapo, kebo na swichi za ofisi hazina kosa: angalia aina ya kadi pepe na zamu za prosesa. Wakiwa wepesi, pima kutoka kwa mgeni hadi kompyuta ya mezani, halafu kutoka kwa mwenyeji hadi kompyuta hiyo hiyo kama haipavaiza inaruhusu. Mwenyeji mwepesi na mgeni mzito, fikiria masanduku ya posta. Wote wazito, shuka kwenye kebo na swichi. Ya nje yawe ya mwisho.

Namba zenyewe zinazungumza. Njia nzima ya gigabiti moja hutoa karibu megabiti 940. Ukiona 94, njia imeshuka hadi megabiti 100, na mara nyingi ni kebo yenye waya uliokatika ndani. Ongeza `-R` kugeuza mwelekeo, kwa sababu kuna maradhi yanayoshika upande mmoja tu. Ongeza `-P 4` kurusha mikondo minne. Kama mmoja ni mzito lakini minne kwa pamoja inajaza njia, tatizo ni mikokoteni na risiti, au kiini kimoja kilichoelemewa.

Kwenye ofisi ya yule mhasibu, wageni wawili ndani ya mwenyeji walipitisha gigabiti kadhaa. Kutoka kwa mgeni hadi kompyuta ya mhasibu tulipata megabiti mbili, mara tatu, mara mbili tena. Ndani ya mgeni bado iliandikwa gigabiti 10. Nikaingia kwa mwenyeji, nikaandika `ethtool`, amri ya Linux inayoonyesha hali ya kadi, na jina la kadi halisi. Megabiti 100, na njia ikifanya kazi upande mmoja kwa zamu, kutuma au kupokea, si vyote kwa pamoja.

Tulifuata kebo hadi kwenye swichi. Mlango ule wa swichi zamani ulikuwa wa mashine nyingine, na mtu aliufungia kwa mkono: megabiti 100, kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kadi ya seva mpya ilijaribu kukubaliana na swichi, haikujibiwa, ikachagua njia ya tahadhari ya kwenda kwa zamu. Mmoja anaongea huku anasikiliza, mwenzake anataka wapokezane. Pakiti ndogo za ping zilipita. Faili kubwa liligongana na majibu yake njiani, likatumwa upya, likagongana tena. Hesabu ya makosa kwenye mlango ule ilikuwa imefika maelfu.

Tukaurudisha mlango ule wa swichi kwenye hali ya kukubaliana kasi na kadi wenyewe. Kadi ikapanda hadi gigabiti moja. Mhasibu akabofya faili lake la megabaiti 50, likafunguka kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya. Akalifunga, akalifungua tena mara mbili. Kisha akavuta bahasha iliyokuwa chini ya kikokotoo, barua ya kuomba kifurushi kikubwa zaidi, imeshasainiwa, inasubiri muhuri tu. Akaikunja, akaiweka kwenye droo.